Tulivyorudi Maziwe

Mtu aliyezaliwa milimani huyajua maji ya kutekwa mtoni na kubebwa kichwani. Maji ya kuingia mwili mzima, tena yasiyoonekana ng'ambo, huyaogopa. Na mtu huyo akiwa mwalimu, hofu yake huipa jina zuri. Mimi niliiita heshima.

Nilizaliwa Amani, katika Usambara Mashariki, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, pale ambapo Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Mto wetu ni Zigi. Unatoka katika misitu yetu na kushuka hadi karibu na Tanga, na wakazi wa mji huo hunywa maji yake kutoka bwawa la Mabayani. Kwa sababu hiyo nilizoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba sisi wa milimani na wenzetu wa pwani ni ndugu wa mto mmoja. Yalikuwa maneno mazuri ya darasani. Undugu wenyewe nilikuja kuujua baadaye, nilipooa Pangani.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja ya msingi katika wilaya hiyo. Nilikuwa kijana, nina baiskeli, suruali mbili zilizonyooshwa vizuri, na imani kubwa juu ya cheo changu. Nikamposa binti wa mvuvi. Tulioana Desemba 1976, shule zikiwa zimefungwa, na shemeji yangu mkubwa, aliyekuwa nahodha wa mashua, akatupa zawadi ya arusi ambayo ilikuwa ndani ya uwezo wake: kututembeza siku moja katika kisiwa cha Maziwe.

Maziwe iko baharini mbele ya Ushongo, kusini ya mdomo wa mto Pangani. Siku hizo kilikuwa kisiwa kweli. Kilikuwa na mivinje mirefu, na upepo wa kaskazi ulipopita katika matawi yake ulitoa sauti kama ya mtu anayepepeta mchele. Wavuvi walipiga dago chini ya kivuli chake, wakakausha nyavu na kupika. Usiku kasa walipanda kutaga mayai, na wataalamu walikihesabu kisiwa hicho miongoni mwa mahali muhimu sana pa kasa kutagia katika pwani ya Tanzania. Serikali ilikuwa imekwisha kukitangaza kuwa hifadhi mwaka 1975.

Tulipofika, mke wangu alijifunga kanga vizuri, akaingia majini pamoja na wadogo zake. Nilisimama ufukoni na viatu vyangu. Alipiga mbizi, akapotea kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, kisha akaibuka mbali, ameshika kombe mkononi, anacheka. Akaniita: "Mwalimu, njoo!" Wavuvi waliokuwa chini ya mivinje wakageuka kunitazama.

Ndugu msomaji, ningaliweza kusema kweli kwa maneno mawili: sijui kuogelea. Badala yake nilisema kwa sauti ile niliyoitumia darasani: "Toka majini. Mke wa mwalimu haogelei mbele za watu."

Alitoka. Akaikamua kanga yake, akakaa chini ya mvinje, akalitia kombe lile ndani ya kikapu. Hakununa wala hakujibu. Tuliporudi jioni aliongea na ndugu zake kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo sikumwona tena akiingia baharini, kwa miaka arobaini na miwili.

Mwaka 1977, nchi ilipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote, walimu tulihitajika kila pembe, nami nikahamishiwa milimani. Huko ndiko nilikopanda hadi kuwa mwalimu mkuu, na huko ndiko watoto wetu walikokulia. Mke wangu alijifunza kulima iliki, akazoea baridi na utelezi wa njia zetu. Jambo moja tu la kwao hakuliacha. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, alitoka uani usiku, akatazama juu, akasema: "Leo bamvua." Maana yake ni kwamba huko Pangani maji yatajaa sana na yatakupwa sana, hata miamba itoke nje na wanawake washuke kutafuta pweza. Nilimwitikia, "Ndiyo, mama," nikaendelea kusahihisha madaftari. Kwa miaka mingi nilidhani ananipa habari za mwezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shemeji yule alipanda kututembelea. Baada ya chakula alisema, "Shemeji, Maziwe imekwisha." Sikumwelewa. Akaeleza kwamba bahari ilikuwa ikimega kisiwa upande mmoja, mivinje ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na sasa hapana hata mche. Kilichobaki ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na yakijaa hufunikwa lote. Wengine walisema sababu ni kukatwa kwa miti iliyoshika mchanga kwa mizizi yake. Wengine walitaja kugeuka kwa mikondo ya maji. Mimi niliwaza kama mwalimu: kisiwa kimeandikwa katika sheria mwaka 1975, na miaka michache baadaye hakipo. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Hata ule mvinje wa upande wa dago?" Kaka yake akatikisa kichwa. Akainuka, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Sasa nije kwenye safari yenyewe. Januari 2019 watoto wetu walichanga fedha, wakatuambia kwamba tumewasomesha, tumewaoza, na hatujapumzika hata siku moja. Basi twende tukakae Ushongo siku nne, bila mjukuu wa kulea wala mgeni wa kupikia. Nilitaka kukataa, kwa kuwa mapumziko ya ufukoni niliyahesabu kuwa mambo ya wageni wa Ulaya. Lakini nilimwona mama anakunja kanga zake kabla sijamaliza kufikiri.

Tulishuka kwa gari hadi Muheza, tukashika njia ya Pangani katikati ya mikonge na minazi. Pangani tulingoja kivuko. Mto pale ni mpana na rangi yake ni ya udongo, kwa maana umebeba ardhi kutoka mbali, tangu Kilimanjaro na Meru. Tukavuka hadi Bweni, kisha tukaenda kusini kwa njia ya vumbi mpaka Ushongo. Ni kijiji cha wavuvi kilichotulia, chenye mchanga mrefu na minazi iliyoinamia maji. Tulipewa banda la makuti lililotazama bahari. Usiku ule tulilala mlango wazi. Mke wangu alisikiliza mawimbi kama mtu anayesikiliza jamaa zake wakizungumza chumba cha pili.

Siku ya tatu ilikuwa bamvua. Katika pwani hii, siku za namna hiyo, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita tatu. Kijana mwenye mashua alikuja mapema. "Shikamoo babu, shikamoo bibi. Twende sasa tukute fungu linatoka." Alitupa makoti ya kuelea, miwani ya kupigia mbizi na mirija ya kupumulia. Nilipanda mashuani, nikashika mlingoti.

Nimesoma jiografia na kuifundisha, lakini sikuwahi kuiona ardhi ikizaliwa. Kwanza palikuwa na maji ya rangi ya kijani katikati ya maji ya buluu. Kisha povu likajipanga mstari. Kisha mgongo mweupe ukatokea, ukakua mbele ya macho yetu, mpaka tukaweza kushuka na kusimama. Hapana mti, hapana jani, hapana kivuli isipokuwa kile cha kofia yangu. Mke wangu alitembea polepole na magoti yake mabovu, huku na huko, akisimama na kupima kwa macho mahali ilipo milima ya bara. Mwishowe akasimama. "Ilikuwa hapa," alisema.

Yule kijana alikwisha kuingia majini akitungoja. Mke wangu alishika miwani mkononi, akatazama maji, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeuona mtazamo huo maelfu ya mara nyumbani bila kuutafakari. Alikuwa anangoja ruhusa. Alikuwa bibi mwenye wajukuu, amesimama juu ya mchanga wa kwao, bado anangoja nimpe ruhusa ya bahari aliyozaliwa kando yake.

Nikasema, "Mama, neno nililokuambia hapa siku ile halikuwa la heshima. Niliogopa. Sijui kuogelea, na sikutaka wale wavuvi wajue."

Akacheka, si kwa kunidhihaki. "Baba watoto, mbona nilijua. Ulipopanda mashua siku ile ulishika mlingoti kwa mikono miwili, kama leo."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje mbele za watu? Ungekosa uso."

Miaka arobaini na miwili nilijiona nimemlindia mke wangu heshima yake. Kumbe yeye ndiye aliyeilinda ya kwangu, na gharama alilipa peke yake.

Tuliingia. Maji ya kiunoni, kisha ya kifuani. Alinifundisha kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza kushika kalamu: weka uso majini, pumua kwa mdomo, usiharakishe. Mara mbili nilimeza maji ya chumvi, nikakohoa mpaka kijana akaja mbio. Mara ya tatu nilitulia, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake, na nikaona.

Niliona matumbawe ya umbo la meza, mengine kama pembe za paa, mengine kama ubongo. Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliandika ubaoni kuwa matumbawe ni mawe ya baharini. Si mawe. Ni wanyama wadogo mno wanaoishi kwa maelfu, na hilo jiwe ni nyumba wanayoijenga. Pono waliitafuna miamba hiyo, na sauti ya meno yao ilisikika wazi kabisa. Tasi walipita kundi zima, wakageuka pamoja kama wanafunzi kwenye gwaride. Mahali pengine palikuwa na vifusi vitupu vya kijivu. Miamba ya mwambao huu imeteswa na mengi: joto la bahari la mwaka 1998, lililofanya matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa, na baruti za wavuvi haramu zilizolia katika maji ya Tanga kwa miongo. Hata hivyo juu ya vifusi hivyo niliona vichipukizi vidogo vya matumbawe, kama kidole cha mtoto.

Baadaye mkono wake uliniachia. Niliinua kichwa kwa hofu, nikamwona akivuta pumzi, akazama. Magoti yaliyokuwa yakimliza nyumbani yalimtii majini. Nilingoja. Safari hii sikumwita atoke.

Mnamo saa saba maji yalianza kulirudia fungu, na kijana akatuhimiza kupanda. Njiani alitueleza habari ya kasa. Bado wanakuja Maziwe kutaga, kwa kuwa kasa hurudi kwenye pwani ya asili yake. Lakini mchanga huo sasa hufunikwa na maji, na mayai yakiachwa yataharibika. Kwa hiyo watu wa hifadhi huyafukua kwa uangalifu, huyavusha hadi ufuko wa Ushongo na kuyafukia mahali pakavu, na baada ya takriban miezi miwili vitoto hutoka na kukimbilia maji. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Maskini, amerudi kwao akakuta hapamweki. Afadhali wapo wa kumbebea." Nyuma yetu fungu lilikuwa limekwisha kuzama.

Sitaki kudanganya kwamba siku moja ya kuogelea ilifuta miaka arobaini na miwili. Haikufuta. Mivinje haikurudi, wala msichana yule mwenye kombe hakurudi. Na shemeji yangu aliyetupeleka mara ya kwanza alikwisha kufariki, hivyo hapana aliyebaki wa kumwambia kwamba hatimaye niliingia. Niliwahi kuwaadhibu watoto wengi kwa kosa la kuogopa kusema "sijui". Laiti ningejisomea mwenyewe somo hilo mapema. Mume akisema uongo mdogo mbele za watu, mke huishi ndani ya uongo huo kama ndani ya nyumba, na mwenye kusema husahau kwamba alijenga.

Tuliporudi Amani alilitoa kombe lile la mwaka 1976 ndani ya sanduku la nguo, akaliweka mezani bila maneno. Mimi sikujua kuwa lilikuwapo.

Siku hizi mwezi ukiwa mpevu, bado anatoka uani. "Leo bamvua," husema. Nami huweka kitabu chini, namfuata nje kwenye baridi, namwuliza: "Maji yatakupwa saa ngapi?"