Mama wa Houston, Bastola ya Pinki na Mikono Isiyofungua Soda

Kuna picha ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Wabongo wa Houston, kule Texas. Mama wa makamo, kapiga kilemba, masikioni kavaa vile vidude vya kuzuia kelele, mkononi kashika bastola na sura kaikunja kama mtu aliyenyweshwa mwarobaini. Watu walicheka weee. Mmoja kaandika "shangazi kaingia Mafia", mwingine kajaza vikaragosi vya kicheko mistari mitatu. Hakuna aliyeuliza ile sura kaikunja kwa nini.

Basi bwana, stori yenyewe iko hivi.

Huyo mama ni mtu wa Tanga, kaenda Marekani mwaka 2009. Kama wenzake wengi alianza na kubeba boksi, mwisho akatulia kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku, kuogesha na kugeuza watu wazima wenye kilo zao. Miaka kadhaa nyuma vidole vikaanza kuvimba. Hospitali wakamwambia ni baridi yabisi, ile aina ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenye mwili. Kwa nje mikono inaonekana mizima tu, lakini asubuhi ni shughuli. Lisaa limoja na zaidi vidole vimekaza, kifuniko cha soda hakifunguki, ufunguo wa gari hauzunguki. Kazini hakumwambia mtu. Unadhani nani ampe mgonjwa wa kumnyanyua mtu ambaye mikono yake haishiki?

Halafu jirani wa mlango wa pili akavunjiwa mchana kweupe. Wiki chache baadaye, usiku ambao mama yuko ofu, akasikia mtu anazungusha kitasa chake taratibu. Akazungusha, akaacha, akaondoka. Kesho yake mwanae wa kiume, dereva wa malori ya masafa marefu, akasema imetosha, mama lazima awe na bastola.

Kwa mtu aliye Bongo hii inasikika kama sinema, maana huku silaha mpaka uzunguke na vibali vya polisi. Texas ni kwingine. Dukani unaanzia miaka 21 kwa bastola, unajaza fomu, jina lako linapitishwa kwenye mfumo wa FBI kuona kama una makosa, na siku hiyo hiyo unaweza kutoka nayo. Kuiweka nyumbani kwako huhitaji leseni.

Mwana akaenda dukani peke yake. Kosa la kwanza hilo. Akamwambia muuzaji ni zawadi ya mama yake, muuzaji akatoa kitu kidogo kinachoingia kwenye pochi, mpini wa pinki. "Wanawake wanaipenda hii, nyepesi." Kijana akalipa.

Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Mtu anaona bastola ndogo anadhani inahitaji nguvu ndogo. Ni kinyume chake. Bastola hizi za magazini zina chuma cha juu ambacho lazima ukivute nyuma kwa mkono ukiachie, ndipo risasi ya kwanza inapanda kwenye chemba. Chuma hicho kinarudishwa na springi. Bastola ikiwa ndogo, chuma chake ni chepesi na safari yake ni fupi, kwa hiyo mara nyingi wanaiwekea springi ngumu ili ihimili kishindo. Na sehemu ya kushika ni finyu, vidole viwili tu. Ukifyatua sasa, ule wepesi uliousifia dukani ndio unaorusha mkono wako, maana hakuna uzito wa kumeza teke.

Mama alijaribu kuvuta chuma kile mara moja mbele ya mwanae. Hakikusogea. Akacheka, akasema "mwanangu, nitazoea". Kijana akavuta yeye, akapandisha risasi, akaiweka kwenye droo ya kitanda. "Mama, iko tayari, wewe ni kushika tu." Akapanda lori lake akaenda zake Oklahoma.

Ijumaa mkwe akaleta mjukuu. Miaka saba, mtoto wa kufungua kila droo.

Mama akaingia chumbani akafunga mlango atoe risasi. Magazini ilitoka, kitufe alikiweza. Lakini risasi ya kwenye chemba haitoki na magazini. Hiyo inabaki ndani, na watu wameuana kwa kutolijua hilo, wakiona magazini iko mezani wanadhani bastola ni tupu. Ili itoke lazima uvute kile chuma. Akavuta. Akafunga khanga mkononi akavuta. Akaibana katikati ya magoti, halafu akajiona kwenye kioo, mdomo wa bastola umeelekea paja lake mwenyewe, akaiweka chini akiwa anatetemeka.

Akampigia mwanae, yuko njiani, simu haishikiki. Kumpigia jirani akaona aibu. Angewaambia nini, kwamba ana bastola asiyoweza kuifungua? Akaifungia kwenye sanduku alilokuja nalo toka nyumbani, akapiga kufuli, akasukuma kiti mbele ya kabati na kukaa hapo mpaka kunakucha. Mtoto kalala fofofo sebuleni na katuni zake. Bibi kakaa analinda sanduku. Kile kitu kilinunuliwa kimlinde yeye.

Jumapili mwana alirudi, akaitoa risasi kwa sekunde mbili tu. Hizo sekunde mbili zilimuuma mama kuliko usiku mzima. Akamwambia: "Hii irudishe. Na safari hii naenda mwenyewe."

Duka likaichukua kwa bei ya kutupa. Kijana kanuna siku tatu.

Mama akatafuta uwanja wa shabaha wenye mwalimu, akampata mama Mmarekani mweusi, mwanajeshi mstaafu, asiye na maneno mengi. Swali lake la kwanza halikuhusu rangi wala bei. Lilikuwa: "Mikono yako inakuwa mibaya zaidi saa ngapi?" Mama akasema asubuhi, baada ya shifti. "Basi tutajaribu leo mchana, na utakayoipenda utarudi kuijaribu asubuhi."

Wakaanza na rivolva, ile ya silinda ya kuzunguka, maana kila mtu hushauri hivyo: huna chuma cha kuvuta, unafungua silinda unatumbukiza risasi, basi. Na kutoa risasi ni rahisi, unaziona zote kwa macho. Kwa mtu mwenye vidole vizima ni ushauri mzuri. Ila rivolva ndogo ya kujilinda triga yake inataka nguvu ya zaidi ya kilo 4, wakati bastola yenyewe haifiki nusu kilo. Kidole kimoja chenye kiungo kilichovimba kinatakiwa kifanye kazi hiyo kila risasi. Mama alivuta ya kwanza, ya pili mdomo wa bastola ukayumba kushoto, ya tatu akaiweka mezani.

Ikaja ya risasi ndogo za .22. Teke hakuna, raha. Hata bastola za .22 zilizotengenezwa makusudi kuvutika kirahisi zipo siku hizi, Ruger wanayo. Lakini mwalimu akamwambia risasi hizo nguvu yake ni ndogo, na zinagoma kuwaka mara nyingi kuliko zile kubwa. Ikigoma, dawa ni ile ile, kuvuta chuma.

Ya tatu ilikuwa Smith & Wesson, ile familia ya Shield EZ, ya .380. Ilitoka mwaka 2018 na kampuni yenyewe iliitangaza kwa hoja hiyo hiyo ya kuvutika kirahisi. Risasi ya .380 upana wake ni karibu sawa na ya milimita 9 ya kawaida, ila ganda ni fupi na baruti ni chache, hivyo springi haihitaji kuwa ya kibabe. Nyuma ya chuma kuna vijisikio viwili vya kuzuia vidole visiteleze. Magazini yake ina kitufe cha kushusha springi wakati wa kuingiza risasi, na hilo kwa mwenye vidole vibovu si dogo, maana kusukumiza risasi ya sita na ya saba kwa dole gumba huwa inaliza.

Mwalimu akamfundisha pia kuvuta. Usivute kwa vidole viwili kama unabana kigae cha moto. Funika chuma kwa kiganja kizima, kiwiko karibu na mwili, halafu mkono ulioshika mpini ndio *usukume* mbele. Bega na kifua vinafanya kazi, vidole vinashikilia tu. Kidole cha triga nje, mdomo wa bastola muda wote kwenye shabaha. Mama aliposukuma, kikaja. Akakiachia akakirudia mara tatu kama mtoto aliyepata filimbi.

Kasoro ipo, mwalimu hakuificha. Nyuma ya mpini kuna sefti inayotaka kubanwa na kiganja. Ukishika legelege haifyatuki. Na bastola yoyote ya magazini mkono ukilegea inaweza kukwama katikati. Ndiyo maana ya jaribio la asubuhi.

Siku ya asubuhi mama alitoka shifti moja kwa moja mpaka uwanjani, anasubiri wafungue, usingizi machoni, vidole vimekaza kama kuni. Jaribio la kwanza, wapi. La pili, wapi. Akapumzika, akasugua viganja. La tatu akasukuma na mwili wote, sura ikakunjamana, ulimi nje, na chuma kikaja mpaka mwisho. Mwalimu ndiye aliyepiga picha.

Alijaza fomu yake mwenyewe. Ila hakuondoka na bastola tu, alinunua na kisanduku cha chuma cha kufungua kwa vitufe vikubwa. Cha alama ya kidole alikikataa, kwa sababu mikono inayooshwa na dawa mara thelathini kwa usiku alama zake zimefutika, hata simu haimtambui. Mjukuu akija, risasi zinatolewa zote, chemba inaangaliwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, na risasi zinafungiwa kwingine. Anafanya mwenyewe, Alhamisi usiku, mikono ikiwa na joto.

Fundi naye kaja kubadilisha kitasa na kuweka bamba la chuma mlangoni, kwa sababu zipo asubuhi ambazo chuma hakiji kabisa. Mama anazihesabu. Mwezi uliopita zilikuwa mbili.

Mwanae alitaka kuwaombea watu wafute ile picha kwenye grupu. Mama akamwambia aiache.