Jina la Mama Yake Babu

Ndugu msomaji, hebu jiulize: mama yake babu yako aliitwa nani? Aghalabu jina la baba wa babu hulijua, maana ndilo ubini wako. Lakini yule mama aliyembeba babu mgongoni, je?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Sengerema. Kutoka Mwanza nilishika barabara ya Usagara hadi Kigongo, mahali ambapo zamani wasafiri waliketi saa nzima wakingoja kivuko. Tangu Juni 2025 basi hupita juu ya daraja lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na kabla abiria hajamaliza karanga zake, amekwisha fika Busisi.

Asili yake Sengerema ni nchi ya Wazinza. Wasukuma wengi walivuka ghuba baadaye, hasa katika miaka ya 1940 na 1950, wakitafuta ardhi na malisho, kwani kwao watu na mifugo walikuwa wamesongamana. Jamaa zetu walikuwa miongoni mwao. Walikuja na ng'ombe, majembe na watoto. Makaburi waliyaacha ng'ambo.

Shangazi yangu, ambaye umri wake sasa ni miaka themanini, alinipokea chini ya mwembe. Baada ya kumwamkia nilieleza haja yangu. Akaniambia kuwa bibi yake huyo alizaliwa wakati wa sotoka, ule ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1890, siku zile Wajerumani walipokuwa wakiingia Mwanza.

"Na jina lake, shangazi?"

"Walimwita mama wa babu yako."

"Kabla hajazaa?"

"Ng'wana fulani," akajibu, akitaja jina la mwanamume.

Hapo nilielewa tatizo. Katika Kisukuma, ng'wana maana yake ni mwana wa fulani. Binti huitwa kwa jina la baba yake. Akizaa, huitwa kwa jina la mtoto wake. Vitabu vya ubatizo huweza kumsaidia mtafutaji, kwa kuwa huandika baba na mama, na misheni ya Bukumbi, ng'ambo ya ghuba, ilianzishwa tangu mwaka 1883. Lakini bibi yetu hakubatizwa.

Nilimkumbuka Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Yeye na mkewe, Anna Katura, walizika watoto wao wote. Hata hivyo, mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akihifadhi jinsi wazee walivyooa, walivyolima na walivyouguza. Kitabu chake kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Kama asingeandika, nani leo angelijua?

Jioni shangazi alinionyesha jiwe la kusagia lililolala nyuma ya jiko. Bibi alilitumia ng'ambo, na mkwewe akalivusha kwa mtumbwi. Katikati lilikuwa limelika kama bakuli. Nilipokuwa nikilipapasa, shangazi akanyamaza kitambo, kisha akacheka peke yake.

"Mimi nilizaliwa yeye amekwisha kufa," akasema. "Baba alinipa jina lake. Nilipobatizwa likaachwa, na waliokuwa wakiniita hivyo wote wamekwenda."

Akalitamka. Naam, jina nililovukia maji kulitafuta lilikuwa limeketi mbele yangu mchana kutwa! Nikatoa kalamu, naye akanishika mkono.

"Kwanza waambie wanao. Gazeti baadaye."

Nimelitii agizo hilo. Ndiyo maana, msomaji, hulioni hapa. Binti zangu wawili wanalijua. Wewe nawe, Jumapili hii, muulize mzee wako kungali mapema.