Siku Kumi na Moja Bila Mlinzi



Jioni ya tarehe 30 Septemba 2021, seva ndogo ya shule yetu hapa Dilolo, ambayo huitunza baada ya vipindi, ilikataa kupeleka alama za wanafunzi kwenye seva ya Kolwezi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: cheti cha upande wa pili hakiaminiki.

Nilidhani ni mtandao, kama kawaida. Kumbe kila kompyuta hubeba ghala la vyeti vya mamlaka inazoziamini. Seva nyingine inapojitambulisha, kompyuta hutazama ni nani aliyetia sahihi hati yake, na ni nani aliyemdhamini huyo, hata ifike kwenye cheti cha shina kilichomo ghalani. Makatekista twaujua utaratibu huo: mgeni kutoka Luau, ng'ambo ya mpaka, akileta cheti cha ubatizo, twautafuta muhuri wa parokia. Siku ile cheti cha shina kiitwacho DST Root CA X3, kilichodhamini vyeti vya Let's Encrypt, kilimaliza muda wake. Mrithi wake, ISRG Root X1, alikuwapo tangu 2015, lakini mashine yetu kongwe haikuwa na habari zake.

Fundi mmoja kijana akanishauri: "Mwalimu, zima ukaguzi tu." Nikauzima. Alama zikapita. Kwa siku 11 majina ya watoto wa watu yalipelekwa kwa yeyote ambaye angejiita Kolwezi, nami nikalala usingizi.

Kilichoniamsha ni kisa cha DigiNotar ya Uholanzi. Mwaka 2011 wavamizi waliingia humo wakajitengenezea vyeti vya uongo, kimoja kwa jina la Google, na watumiaji wa Irani wakapelelezwa. Kampuni ikaondolewa katika maghala ya vyeti, ikafilisika mwaka ule ule.

Nikakiondoa cheti kilichokwisha, nikaweka kipya. Lakini nakala niliyoipakua kwa mashine isiyokagua ningeiamini kwa sababu gani? Nikampigia rafiki wa Lubumbashi, akanisomea alama 64 za utambulisho wake, nami nikizifuata kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Simu ilikatika mara mbili. Tukaanza upya kila mara. Zilipolingana zote, nikarudisha ukaguzi, na alama zikapita.

Asubuhi nikaenda kwa Bwana Prefe kumweleza habari za zile siku 11.