Usukani wa Gari Kuukuu

Msafiri atokaye Kibera, mahali ambapo Wanubi walipaita Kibra, yaani msitu, akaivuka barabara ya Ngong na kushika ile ya Naivasha, hufika Kawangware. Njiani huwaona mafundi wa jua kali wamelala chini ya matatu kuukuu, wakitengeneza usukani.

Usukani wa zamani hugeuzwa kwa nguvu za mikono tu. Gari likijaa abiria, dereva hutoka jasho kila kona. Kwa hiyo wenye magari hutaka usukani wa mafuta, ambao pampu yake huendeshwa na injini, na mafuta yasukumwayo humpunguzia dereva kazi.

Lakini fundi mwema haanzi na pampu. Kwanza hulitikisa gurudumu, apate kujua kama viungo vya tairodi, chuma kiyageuzacho magurudumu ya mbele pamoja, vimelika. Maana pampu mpya haiponyi kiungo kibovu. Humfanya dereva asiusikie ulegevu wake mkononi. Abiria hawavioni viungo hivyo, na maisha yao yamo humo. Wepesi wa usukani si usalama.