Yowe Katika Anga za Mbali



Liko swali ambalo wachezaji wa gemu moja ya kompyuta wamekuwa wakigombania kwa zaidi ya miaka kumi, nalo ni hili: je, kumshambulia mtu asiyekukosea ni kosa, hata kama hafi kweli? Tumelipokea swali hilo juma hili pasipo kulitafuta, kwa sababu wapo wazazi wa Lingeka waliotutaka tuzikemee gemu kutoka altareni. Wanasema vijana wanaorudi likizo kutoka Mwanza na Dar es Salaam hujifungia chumbani na kuua watu kwenye kioo hadi usiku wa manane. Hatukukemea. Tuliona ni heri kwanza tukifahamu kile tunachotakiwa kukikemea.

Si kwamba Kanisa limenyamaza. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2007, Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI alizitaja gemu za video waziwazi, akazilaani zile ambazo kwa kisingizio cha burudani hutukuza ukatili. Wazazi wana haki ya kutukumbusha hilo. Lakini ili kujua kama ukatili umetukuzwa, hapana budi mtu achungulie ndani, na kuchungulia huko ndiko kulikotuketisha jioni tatu mfululizo mbele ya kompyuta ya kijana mmoja, mzaliwa wa hapa, fundi wa kompyuta jijini Mwanza, aliyekuwa amekuja kuwasaidia wazazi wake palizi ya pamba.

Gemu yenyewe inaitwa Elite Dangerous. Asili yake ni ya mwaka 1984, pale wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walipotunga Elite ya kwanza kwa kompyuta ndogo za wakati ule. Mwaka 2012 Bwana Braben aliwaomba watu wamchangie atengeneze mpya, nao wakatoa zaidi ya pauni milioni moja na nusu; harambee ambayo paroko yeyote angeitamani. Desemba 2014 gemu ikatoka. Mchezaji hupewa chombo kidogo cha anga na fedha kidogo, kisha huachwa aende atakako katika mfano wa galaksi yetu yote, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Anaweza kufanya biashara, kuchimba madini, kupigana na maharamia, au kwenda tu kutazama nyota ambayo hakuna rubani mwingine aliyeifikia. Wengine hukaa miezi huko. Tulipoketishwa kwenye kiti cha rubani, tuligonga ukuta wa kituo mara mbili, tukarudisha kiti kwa mwenyewe.

Wachezaji wanasemaje juu yake? Karibu wote husifu namna vyombo vinavyoruka: uzito wake, mngurumo wake, jinsi mkono unavyopaswa kujifunza upya kugeuka mahali pasipo juu wala chini. Wengi vilevile hulalamika kwamba ni ziwa pana lenye maji ya kufika vifundoni, yaani mahali ni pengi na ya kufanya ni machache. Wapo pia wasiosahau Novemba 2014, wiki chache kabla ya gemu kutoka, ilipotangazwa kwamba ahadi ya kuicheza pasipo mtandao haitatimizwa. Baadhi walidai warudishiwe fedha zao. Huku kwetu tunawaelewa vizuri: kijana wetu huegemeza simu dirishani ili kompyuta ipate mtandao, na mawimbi yakipotea, nyota zote bilioni 400 huzimika kwa pamoja. Mei 2021 ilitoka nyongeza iliyowawezesha marubani kushuka na kutembea kwa miguu juu ya sayari, nayo ilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Bwana Braben aliomba radhi hadharani.

Hayo ni manung'uniko ya mnunuzi na muuzaji, na kila soko linayo. Ugomvi mkubwa ni ule wa mchezaji na mchezaji.

Anayeingia katika anga hizo huchagua hali moja kati ya tatu. Iko hali ya wazi, ambamo atakutana na yeyote aliyemo. Iko hali ya upweke, ambamo hamwoni mtu, ila vyombo vinavyoendeshwa na kompyuta. Na yako makundi ya faragha, ambamo watu huingia kwa kukubaliwa, aghalabu wakiahidi kutoshambuliana. Katika hali ya wazi wamo marubani wenye vyombo vikubwa ambao huvizia vituoni na kuwalipua wageni pasipo kuwaibia chochote wala kuwadai kitu. Aliyelipuliwa hulipa asilimia 5 ya thamani ya chombo chake na kupewa kingine kama hicho. Lakini shehena aliyobeba imepotea, na kumbukumbu za nyota alizozigundua, ikiwa hajaziuza bado, nazo zimepotea. Tumfikirie rubani aliyesafiri majuma sita hadi upande wa pili wa galaksi, kisha akalipuliwa mlangoni pa kituo. Ni mkokoteni wa pamba unaoteketea hatua mia moja kabla ya mizani ya chama cha msingi.

Wanaotetea uvamizi huo husema: huu ni mchezo, silaha zimo ndani yake kwa makusudi, na aliyeingia hali ya wazi ameridhia. Hoja hiyo ina nguvu kuliko wazazi wetu wangependa. Anayekula kete za mwenzake kwenye bao si mwizi, na hatujawahi kumwona mzee akitubu kitubioni kwa sababu ya bao. Tena wapo wanaosema, na hao si wavamizi, kwamba anga pasipo hatari limekufa. Kwamba moyo unaodunda wakati doa la chombo kigeni linapotokea kwenye rada ndio utamu wenyewe. Hata hivyo bao huketiwa na wawili wanaojua sheria, kila mmoja akiwa na kete zake. Bingwa anayemsubiri mtoto mlangoni siku yake ya kwanza hachezi naye bao. Anampindulia ubao. Na yale makundi ya faragha nayo hayakusalimika, maana wapo waliojipenyeza humo wakiapa amani, kisha wakawalipua wenyeji wao. Hapo hoja ya ridhaa hatuioni tena imesimama wapi.

Watengenezaji walijaribu kutia adhabu. Mapema mwaka 2018 waliongeza kiwango cha sifa mbaya, kinachopanda hadi 10 kadiri rubani anavyoua wasio na hatia, na kushuka polepole kwa saa za kucheza. Wengine walisema ni kidogo mno, wengine wakasema ni kuharibu uhuru wa mchezo. Kijana wetu anasema wavamizi wapo mpaka leo. Wamejifunza tu kuhesabu saa.

Lakini kuna kundi lingine. Kuanzia mwaka 2015 baadhi ya wachezaji walianzisha chama kiitwacho Fuel Rats, yaani Panya wa Mafuta. Kazi yao ni moja. Chombo cha anga hujaza mafuta kwa kupita karibu na nyota, ila si kila nyota hutoa mafuta; zipo ndogo na hafifu ambazo hazitoi kitu. Mgeni asiyejua hufika kwenye nyota ya namna hiyo akiwa na tangi tupu. Taa huzimika, na saa ya hewa iliyobaki huanza kuhesabu kurudi nyuma. Panya wa Mafuta humwambia jambo la kwanza: toka kwenye mchezo upesi, maana ukiwa nje saa hiyo husimama. Kisha huruka kumfuata popote alipo, naye hurudi ndani wakiwa tayari, akawasha kinara, wakamrushia viroboti vilivyojaa mafuta. Hawatozi chochote. Wameokoa makumi ya maelfu ya marubani, na wapo waliosafiri kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa, kumfuata mtu mmoja aliyekwama mbali, mtu wasiyemjua jina wala uso.

Jioni ya tatu tulikuwa na mzee mmoja wa kijiji, aliyekuja kwa shauri lingine akabaki. Tulijitahidi kumweleza habari za galaksi na tangi, akawa anaitikia kwa adabu tu. Kijana aliposema kwamba aliyekwama hutuma wito, na wanaousikia huacha wanachofanya wakaenda, mzee alikatiza: "Huo ni mwano."

Kwa wasomaji wasio Wasukuma, mwano ni yowe la hatari. Likipigwa usiku, kila mwanamume alisikiaye hutoka na silaha yake na kulipokeza, hata kijiji cha pili na cha tatu kisikie. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi katika nchi hii yetu ya Usukuma na Unyamwezi, na bunduki zikiwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera, wanavijiji waliutegemea mwano huo huo walipojiundia Sungusungu, wakiwa na pinde, mishale na filimbi. Serikali iliwatazama kwa mashaka, kisha mwaka 1989 sheria ikawatambua. Mzee alikuwamo, na alitusimulia kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuandika hapa. Hakuficha pia upande wa giza: wapo waliopigwa pasipo ushahidi, na wapo akina mama vikongwe walioteswa kwa kuitwa wachawi. Mwenye kuitika yowe, alisema, anaweza kufika akiwa na hasira kuliko mwizi.

Ndipo akauliza swali ambalo katika maoni yote ya wachezaji tuliyosomewa hatukulisikia. "Baba Paroko, na asiyeitika? Huko juu anatozwa faini gani?"

Maana huku asiyeitika mwano hutozwa, na kama amezoea kutoitika hutengwa; akipatwa na msiba hukuta watu wana kazi nyingi. Kijana akajibu kwamba huko hakuna faini. Anayeitika ni kwa kupenda kwake. Mzee alitikisa kichwa. Kwake chama kisicho na faini hakidumu msimu mmoja, na kilipotajwa kuwa kimepita miaka kumi, alidai aambiwe nani huwalisha.

Tukamuuliza kijana yeye hucheza katika hali gani. Alituambia kwamba mwaka wake wa kwanza alilipuliwa akiwa na kumbukumbu za majuma matatu, akakasirika, akahamia hali ya upweke. Alikaa humo karibu miezi miwili, akiwa salama kabisa. Kisha akaishiwa mafuta penye nyota hafifu. Akaomba msaada, nao Panya wakamjibu kwamba katika hali ya upweke hawawezi kumfikia, hakuna awezaye. Ili aokolewe hana budi atoke katika upweke, aingie mahali ambapo mwenye mafuta anaweza kumwona; na katika hali ya wazi, mwenye bunduki vilevile. Humo hakuna mlango wa kumpitisha mmoja na kumzuia mwingine.

Kwetu sisi hilo ndilo lenye uzito kuliko yote tuliyoyasikia jioni zile tatu, na ndilo tungetaka wazazi wa Lingeka walitafakari pamoja nasi kabla hatujakemea lolote. Wasiwasi wao ni bunduki za kwenye kioo. Wetu umehamia kwenye ile hali ya upweke, ambamo hakuna hata mmoja wa kukudhuru, kijana akakaa humo miezi miwili na wala asijue kilichokosekana mpaka tangi lilipokauka.

"Basi ukafanyaje?" mzee aliuliza.

"Nilitoka, Babu. Wakaja wawili. Mmoja nadhani alikuwa Mjerumani, wa pili sikumtambua ni wa wapi. Wakanijaza mafuta, wakaniambia nyota ya kwenda, wakaondoka."

"Na tangu hapo wewe umempelekea nani mafuta?"

Kijana alicheka, akainamisha macho kwenye kompyuta. Alisema bado, kazi za Mwanza ni nyingi, na mtandao wa huku mnaujua. Mzee hakucheka. Alisimama, akachukua fimbo yake, na akiwa mlangoni akamwuliza kujiandikisha kwa hao Panya huchukua siku ngapi.