Ubao Hauna Haraka: Kwa Seremala wa Muhuta

Msafiri aondokaye Bujumbura kwenda Rumonge hufuata barabara ya taifa namba 3. Kulia kwake ni Ziwa Tanganyika na, ng'ambo, milima ya Kongo. Kushoto, milima ya Burundi yateremka hadi ukingoni mwa lami. Katika ukanda huo mwembamba ndimo ilimo Muhuta, makazi ya wavuvi na wakulima. Mwaka 2015 mvua ziliporomosha udongo wa Gitaza na kuifunga njia.

Nilishuka Gitaza nikiwa na shauri moja. Mwezi wa Mei nilikuwa nimenunua kabati mjini, nikavutiwa na vanishi yake. Kiangazi kilipoingia, milango ikajipinda, ikakwama. Usiku mmoja mtoto alishikwa na homa kali, na kadi ya matibabu imo humo kabatini. Tulivunja mlango kwa shoka.

Seremala mmoja mzee, ambaye karakana yake ni bati juu ya nguzo nne, alinisikiliza huku akisukuma randa.

"Mwalimu," akasema, "kabati lako halikurogwa. Lilitengenezwa kwa mbao mbichi."

Akanionyesha mbao za mkaratusi zilizopangwa kivulini, vijiti vikitenganisha kila ubao na mwenziwe ili hewa ipite. Zikianikwa juani hupasuka. Zikilazwa chini hunyonya maji na kuoza. Hukaa hivyo kwa miezi mingi.

Hata zikishakauka, mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi. Hutanuka zaidi kwa upana, si kwa urefu. Ndiyo sababu fundi huunga fremu ya mlango kwa ulimi uingiao katika tundu, kisha huukalisha ubao wa katikati ndani ya mfereji bila gundi wala msumari, upate nafasi ya kupumua.

Ndugu msomaji, hasa wewe unayehamishwa kituo mara kwa mara na kupakia vyombo vyako kwenye lori, usinunue vanishi. Fungua mlango, ufunge. Tazama mgongo wa kabati na viungo vyake. Uliza mbao zimekaa kivulini tangu lini.

Nami niliagiza kabati jipya. Mzee akaniambia, "Rudi baada ya miezi mitatu." Nilimshukuru, wala sikumharakisha.