Kufuli la kulipia: yaliyomkuta dada wa stesheneri Segese

Asubuhi hiyo pale Segese, Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, foleni ya stesheneri ilianza kabla hata chai haijachemka. Kijana anataka kopi ya kitambulisho cha NIDA. Binti anataka CV yake, "ile ile ya mwezi uliopita dada, badilisha tarehe tu". Nyuma yao kasimama mzee, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo. Kafuata katiba ya kikundi na karatasi za mgao, kikao ni saa nane mchana.

Dada akawasha kompyuta. Mafaili yapo, majina yapo, ila kila moja limeongezewa herufi za ajabu mwishoni na hakuna hata moja linalofunguka. Kuna faili jipya la maandishi, Kiingereza kitupu. Mafaili yako yamefungwa. Ufunguo ni dola 980. Ukiwahi ndani ya saa 72 unapata nusu bei, dola 490.

Jamani! Mwizi naye ana ofa.

Akapigiwa simu fundi wake wa Kahama, kijana anayemwita mdogo wangu ingawa hawana undugu wa damu. Kufika tu, akaangalia kioo, akavuta kiti, akakaa kimya. Halafu akasema, "Dada, si nilikuambia Oktoba?"

Kweli alimwambia. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha apdeti za bure za usalama kwa Windows 10. Mtu wa kawaida aliyetaka kuendelea kupata viraka hadi Oktoba 2026 aliwekewa bei ya dola 30, yaani shilingi 70,000 na ushee. Makampuni yakapangiwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inajidabo kila mwaka unaofuata. Ukitaka kuhamia Windows 11 ni bure, ila mashine iwe ya kisasa. Ya dada ilikuwa ya mtumba, ikakataa.

Siku ile dada alicheka. "Elfu sabini nilipie kitu nisichokiona? Hiyo ni kopi mia saba, mdogo wangu!"

Ukweli ni kwamba njia ya bure pia ilikuwepo. Ungeweza kuingia na akaunti ya kampuni na kukubali mipangilio ya kompyuta yako inakiliwe kwenye seva zao, au ukatumia pointi 1,000 za zawadi. Kwa hiyo ulitoa hela, au ulitoa taarifa zako. Ila maelezo yote yalikuja kwa Kiingereza, katikati ya siku yenye foleni, na dada akabonyeza alama ya kufunga kama watu wote wanavyofanya.

Na wenzetu wa Ulaya? Vikundi vya kutetea walaji vilipiga kelele, na Septemba 2025 kampuni ikalegeza: watu wa nchi za Umoja wa Ulaya na majirani zao wa kiuchumi wakapewa mwaka huo bila kulipa na bila sharti la kunakili mipangilio. Kirusi kinachoingia Paris ndicho kinachoingia Segese. Tofauti ni nani alikuwa na wa kumsemea.

Lakini fundi hakutaka kumdanganya dada. "Siwezi kuapa kwamba ni apdeti tu," akasema. "Desemba uliweka nini humu?"

Dada akainamisha kichwa. Msimu wa harusi, aliletewa kwenye flashi programu ya kutengeneza kadi, ile iliyokrekiwa. Maelezo yake yalisema zima kwanza antivairasi. Akazima. Antivairasi yenyewe ni ile inayokuja na Windows, ya bure, na kampuni imeahidi kuendelea kuilisha taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi 2028.

"Ulimfukuza mlinzi wa bure ili mgeni aingie," fundi akasema taratibu.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"La kwako lipo dada. Ila si lote."

Hapo ndipo penye mjadala wenyewe. Mtindo wa kuuza kitu halafu kuuza ulinzi wake pembeni haukuanza jana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kwenye nchi zaidi ya 150 na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza. Windows XP ilikuwa imeachwa tangu Aprili 2014, na waliotaka kuendelea kulindwa walikuwa wanalipia mkataba maalumu. Baada ya moto kuwaka, kampuni ikatoa kiraka cha XP bure kwa kila mtu. Dawa ilikuwa kabatini muda wote, imewekewa bei.

Hata kwenye mitandao mnayoshinda humo iko hivyo. Machi 20, 2023, Twitter, kabla haijaitwa X, iliondoa uthibitisho wa hatua ya pili kwa SMS kwa kila asiyelipia. Njia ya programu maalumu ilibaki bure, na kusema haki ni salama kuliko SMS. Lakini mtu mwenye simu ya vitufe alibaki na nini?

Kampuni nazo zina hoja. Wahandisi wanalipwa, na kukarabati programu ya mwaka 2015 milele si mchezo. Sawa. Lakini kiraka cha usalama si rangi mpya ya ukuta. Kinaziba tundu lililoachwa na fundi mwenyewe.

Mzee mwenyekiti, aliyekuwa kakaa kwenye benchi akisikiliza yote haya, akalieleza kwa lugha ya machimbo. "Mwanangu, mwenye duara hawezi kukwambia shuka shimoni, halafu matimba ulipie pembeni. Matimba ni sehemu ya duara. Likititia, halimuulizi mtu kama alilipa."

Kimya kikatanda. Kila mtu Segese anajua duara lisilo na matimba linafanya nini.

Fundi akamkataza dada kulipa wale wezi, maana hakuna dhamana kwamba ufunguo utakuja. Wakajaribu No More Ransom, tovuti ya bure iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Ulaya pamoja na kampuni za usalama, inayotoa funguo za baadhi ya virusi vya aina hii. Kwa cha dada ufunguo haukuwepo. Mafaili yakahifadhiwa pembeni, huenda siku moja ukapatikana.

Kilichomwokoa ni WhatsApp. Kila kazi aliyowahi kumtumia mteja ilikuwa bado kwenye simu yake. Katiba ya mzee ilipatikana ukurasa kwa ukurasa, kikao kikaenda. CV ya binti ikapatikana. Ila karatasi za mgao za miezi minne hazikuwahi kutumwa popote. Mzee alileta madaftari yake yaliyokunjwa kwenye mfuko wa nailoni, na dada akachapa upya usiku tatu mfululizo, bure.

Usiku wa tatu fundi akampa wazo. Nunua diski ya nje, kila jioni nakili kazi, halafu ichomoe. Na ili hela irudi, weka bango: mteja anayetaka faili lake litunzwe salama, anaongeza shilingi 500.

Dada akachukua kalamu, akaanza kuandika bango. Akafika kwenye neno "salama", akasimama. Binti wa CV asingeongeza 500, hana. Yule kijana wa NIDA asingejua hata kwa nini anaombwa. Wangelipa wenye nacho tu, na siku duara likititia, wasio nacho ndio wangezikwa.

Akalichana lile bango. Kesho yake kuchapa ukurasa kulipanda kutoka 1,000 hadi 1,100 kwa wote, na kila faili likaanza kutunzwa, la mzee na la binti. Wateja wawili walihamia duka la jirani kwa sababu ya ile mia. Iliuma. Diski inachomolewa kila jioni, inaenda nyumbani kwenye pochi.

Ile kompyuta nayo ilifutwa yote, ikawekwa upya. Na safari hii dada alifuata njia ya kuingia kwa akaunti, huku akinung'unika kwamba hata cha bure kina bei yake.

Haya mdau, sema ukweli wako: ungekuwa wewe, lile bango la 500 ungelibandika au ungelichana?